Kupandisha gari la kuunganishwa: mambo ya kujua kabla fundi hajaingia chini



Miongoni mwa maombi ya vifaa yanayofika ofisi ya miradi kutoka sharika za Mbinga na za mwambao wa Ziwa Nyasa, yapo yanayotaja lifti ya gereji. Ombi hili linaeleweka. Usharika wenye gari huwa na gari moja tu, nalo hutumika kwa kila kitu: kumpeleka mgonjwa hospitali, kubeba saruji ya ujenzi, kufuata kahawa ya kikundi cha akina mama, na kumfikisha mchungaji mitaani. Gari la namna hiyo halikosi ubovu, na fundi wake mara nyingi hulala chali chini ya chuma cha tani mbili kilichoshikiliwa na jeki moja na mawe mawili. Aliyewahi kuiona hali hiyo hawezi kuilaumu kamati inayoomba lifti.

Hata hivyo, lifti peke yake haimlindi fundi. Kwa aina ya magari tuliyo nayo inaweza hata kuleta hatari mpya, ambayo jeki na mawe havikuwa nayo, kwa sababu sasa gari liko juu ya kichwa cha mtu aliyesimama. Makala hii inaeleza kwa nini iko hivyo, na nini kifanyike mahali penye lifti na mahali pasipo na lifti.

Gari la kuunganishwa ni lipi?

Gari linalotoka kiwandani huja na kitabu. Ndani ya kitabu kuna mchoro unaoonyesha sehemu nne ambazo gari linaweza kushikwa likainuliwa. Mtengenezaji amezipima na kuziongezea nguvu. Fundi akifuata mchoro, hana haja ya kukisia.

Gari la kuunganishwa halina mchoro huo, au linao lakini haulihusu tena. Uingereza kuna utamaduni wa muda mrefu wa watu kununua gari likiwa vipande na kuliunganisha nyumbani. Lotus Seven ilianza kuuzwa mwaka 1957, na mnunuzi aliyeiunganisha mwenyewe aliepuka kodi ya mauzo ya gari zima. Tangu mwaka 1973 gari hilo limeendelea kutengenezwa na Caterham. Ni gari dogo jepesi, lililokaa karibu kabisa na ardhi, lenye fremu ya mabomba membamba ya chuma. Ukiliweka kwenye lifti ya kawaida bila kufikiri, unaweza kulipinda kabla halijaacha sakafu.

Hapa Afrika Mashariki wazo la kujiundia gari si geni. Kule Kibaha, kituo cha jeshi cha teknolojia ya magari kilitengeneza lori lililopewa jina la Nyumbu. Kenya walijaribu Nyayo Pioneer, mradi ulioanza mwaka 1986 na magari yake kuonyeshwa hadharani mwaka 1990. Baadaye ikaja kampuni ya Mobius, iliyoanzishwa mwaka 2009, ambayo gari lake lilijengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma ili livumilie barabara za vijijini. Mwaka 2016 wahandisi wa Uingereza walitambulisha lori dogo liitwalo OX, lililobuniwa lisafirishwe likiwa limekunjwa kama samani za dukani: sita katika kontena moja la futi 40, na kuunganishwa na watu watatu katika muda wa takribani saa 12. Lori hilo lilibuniwa kwa ajili ya maeneo yanayofanana sana na ya kwetu.

Lakini wengi wetu hatuhitaji kwenda Nairobi wala Uingereza kuliona gari la kuunganishwa. Tunalo uani. Ni Land Rover 110 iliyotolewa injini yake na kuwekewa injini ya Toyota au Isuzu. Ni pikapu iliyokatwa nyuma na kujengewa kibanda cha kubebea wagonjwa. Ni lori lililoongezwa urefu wa chesisi kwa kuchomelea ili libebe magunia zaidi ya kahawa. Kila moja liliondoka kiwandani na kitabu, kisha mikono ya mafundi wetu ikaligeuza kuwa gari jingine. Mchoro wa kwenye kitabu bado unaonyesha gari la zamani.

Uzito umekaa wapi?

Swali la kwanza la kupandisha gari ni mahali uzito ulipo. Swali la jeki ina tani ngapi huja baadaye. Naomba msomaji anivumilie na hesabu kidogo, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayoamua kama gari litakaa au litaanguka.

Chukulia gari la kilo 2,000. Ukiweka magurudumu ya mbele peke yake kwenye mizani ya magari, unapata kilo 900. Magurudumu ya nyuma yana kilo 1,100. Umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.8, ambao ni karibu sawa na wa Land Rover 110 (ile 110 ni idadi ya inchi). Gawanya uzito wa nyuma kwa uzito wote, kisha zidisha kwa mita 2.8. Jibu ni mita 1.54. Maana yake, kama gari lingeweza kusimama juu ya gogo moja la kulala, gogo hilo lingekaa mita 1.54 nyuma ya ekseli ya mbele. Hicho ndicho kitovu cha uzito.

Sasa lipandishe kwenye lifti ya nguzo mbili. Tuseme mikono ya mbele imeshika chesisi mita 0.7 kutoka ekseli ya mbele, na mikono ya nyuma mita 1.9. Kitovu cha uzito kiko katikati ya mikono, na nyuma yake zimebaki sentimita 36 hadi kufikia mkono wa nyuma. Gari limetulia. Ili libinuke kwa nyuma, ingebidi upakie kilo 450 mwisho kabisa wa bodi, kama mita 3.5 kutoka ekseli ya mbele.

Kisha fundi anaitoa injini, kazi ambayo magari yetu hufanyiwa mara nyingi. Tuseme injini ina kilo 250 na ilikaa juu ya ekseli ya mbele. Gari sasa lina kilo 1,750, na kitovu cha uzito kimerudi nyuma hadi mita 1.76. Zile sentimita 36 zimebaki 14. Mzigo wa kulibinua si kilo 450 tena bali kilo 153 tu. Pipa la dizeli la lita 200 likiwa limejaa lina uzito kuzidi hapo. Pipa hilo likiwa nyuma ya gari, nalo halikuwamo wakati wa kupima uzito, gari litabinuka mara tu injini inaponyanyuliwa, na hakuna mtu atakayekuwa amegusa kitu kingine chochote.

Nimetumia namba rahisi ili kila mjumbe wa kamati aweze kuzifuata kwa kalamu. Magari ya kweli yana namba zake, na gari lililobadilishwa injini au kuongezewa kibanda lina namba ambazo hazimo katika kitabu chochote. Ndiyo maana napendekeza kila gari la usharika lililofanyiwa mabadiliko lipimwe ekseli kwa ekseli, angalau mara moja, mahali penye mizani ya magari. Ni kazi ya nusu saa.

Lifti yenyewe

Lifti ya gari inayotumia mafuta ya presha ilianza Marekani. Fundi wa Memphis aitwaye Peter Lunati alitazama kiti cha kinyozi kinavyopanda na kushuka akajiuliza kwa nini gari lisifanye hivyo, na kufikia mwaka 1925 alikuwa ameanzisha kampuni ya kutengeneza lifti hizo. Tangu wakati huo zimetokea aina nyingi, ila zinazotuhusu ni mbili.

Lifti ya nguzo mbili hushika gari chini ya chesisi kwa mikono minne na kuacha magurudumu yakining'inia. Ndiyo inayoombwa na wengi kwa sababu ni nafuu na inampa fundi nafasi ya kufungua magurudumu. Lifti ya nguzo nne ina njia mbili za chuma ambazo gari hupanda kwa magurudumu yake lenyewe. Fundi akitaka kufungua gurudumu atahitaji jeki nyingine juu ya zile njia, na hilo wengi huliona kuwa usumbufu.

Kwa magari ya kuunganishwa, mimi naona nguzo nne ni bora, ingawa ni ghali zaidi na inakula nafasi. Sababu yake ni rahisi. Kwenye nguzo mbili, fundi ndiye anayechagua mahali pa kushika, na gari halimwambii kama amepatia. Kwenye nguzo nne gari linasimama juu ya matairi yake, kama lilivyosimama barabarani siku zote likiwa na abiria na mzigo. Kitovu cha uzito kihame kinavyotaka, maadamu kimebaki kati ya ekseli mbili gari halibinuki.

Lifti yoyote inahitaji sakafu. Hapa ndipo maombi mengi yanapopungukiwa. Nguzo mbili hufungwa kwenye zege kwa bolti ndefu, na zege hiyo ndiyo inayozuia mnara mzima usianguke pamoja na gari. Watengenezaji hutaja unene wa zege katika maelekezo yao, kwa kawaida kuanzia sentimita 10 hadi 15, ikiwa imekauka vizuri na haina nyufa. Sakafu ya saruji nyembamba iliyomwagwa juu ya kifusi, kama zilivyo sakafu nyingi za maghala yetu, haifai hata kama inaonekana ngumu. Kamati inayoomba lifti bila bajeti ya zege imeomba nusu ya lifti.

Kuhusu umeme, wapo wanaouliza itakuwaje ukikatika gari likiwa juu. Kabla ya laini ya kilovoti 220 kutoka Makambako kufika Songea, mkoa wetu ulitegemea jenereta za dizeli, na kukatika kwa umeme tunakufahamu. Jibu ni kwamba lifti nzuri ina kufuli za chuma zinazojifunga kila inapopanda hatua moja. Fundi akishafika urefu anaoutaka, lazima aishushe kidogo mpaka ikae juu ya kufuli hizo. Hapo gari linabebwa na chuma, na umeme ukikatika au mpira wa mafuta ukipasuka, gari halisogei. Fundi anayefanya kazi chini ya lifti iliyoshikiliwa na mafuta peke yake yuko katika hatari ileile ya mwenzake aliye chini ya jeki.

Mahali pa kushika

Magari mengi tunayotumia yana chesisi ya ngazi, yaani mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa mihimili ya kukatiza. Sehemu yenye nguvu ni pale mhimili mrefu unapokutana na wa kukatiza, au pale springi zinapofungwa. Hapo chuma kimeongezwa, kwa sababu ndipo gari linapobebwa likiwa safarini.

Mahali pasipofaa ni pengi: chini ya sampu ya oili, chini ya gia boksi, kwenye tangi la mafuta, kwenye bomba la moshi, na kwenye kizingiti cha mlango. Sampu huonekana kama sahani imara ya kuwekea jeki, lakini ni bati tu. Kwenye magari yaliyojengewa bodi mtaani, kile kinachoonekana chini kama mhimili kinaweza kuwa bomba la mraba lililochomelewa kushikilia mbao za sakafu. Halikuwekwa libebe gari. Fundi mgeni hawezi kujua hilo kwa kutazama.

Fremu ya mabomba ina kanuni yake. Nguvu iko kwenye makutano, pale mabomba matatu au manne yanapokutana. Katikati ya bomba ni dhaifu; likibanwa na pedi ya lifti linabonyea, na likishabonyea fremu nzima imepoteza sehemu ya nguvu zake. Kama makutano yako mbali mbali kuliko mikono ya lifti inavyofika, njia ni kulaza ubao mgumu unaovuka kutoka makutano mamoja hadi mengine, na pedi iinue ubao. Kwa magari madogo yaliyokaa chini sana, kwanza huyapandisha juu ya mbao bapa ili mikono ya lifti ipate kupita.

Kutu ni jambo jingine. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo hatuna chumvi ya bahari inayokula magari ya Tanga na Mtwara. Lakini pikapu zinazobeba samaki kutoka Mbamba Bay na Liuli hubaki na unyevu siku nzima, na tope la masika hujaa ndani ya mihimili ya chesisi na kukaa humo hadi kiangazi. Kutu huanzia ndani, nje rangi ikiwa bado nzuri. Fundi agonge chesisi kwa nyundo ndogo kabla ya kuchagua mahali pa kuinua. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito iliyokufa, na wakati mwingine nyundo inaingia ndani.

Pasipo na lifti

Sharika nyingi hazitapata lifti karibuni, na kusema kweli hazihitaji. Kazi nyingi za gari zinaweza kufanywa kwa usalama kwa jeki nzuri, stendi nne za chuma, kabari za magurudumu na mita chache za sakafu iliyo sawa.

Kinachopaswa kukaa vichwani mwetu ni kwamba jeki imetengenezwa kunyanyua na stendi imetengenezwa kubeba. Jeki ya chupa husimama juu ya kitako kidogo, na ndani yake uzito wote umezuiwa na kipete cha mpira chenye bei ndogo kuliko soda. Kipete kikikatika, gari hushuka ghafla. Stendi haina mpira wala mafuta ndani yake. Ni chuma kilichoegemea chuma.

Sakafu iliyo sawa si kitu cha kawaida huku kwetu. Wamatengo wanasifika kwa kilimo cha ngolo, kile cha vishimo kwenye miteremko mikali, na sababu yake ni kwamba ardhi tambarare ni haba. Uani mwa nyumba za sharika za Mbinga gari husimama likiwa limeinama kidogo, na wenyeji wamezoea hivyo hata hawaoni tena. Gari lililoinama likinyanyuliwa husukuma jeki pembeni. Udongo mwekundu ukilowa, kitako cha jeki huzama upande mmoja. Ukishuka ziwani, mchanga humeza jeki yenyewe. Kwa wote hao dawa ni kipande cha ubao mgumu, unene wa sentimita 5 au zaidi na upana wa futi moja kila upande, kilazwe chini ya jeki na kingine chini ya kila stendi. Ubao huo ukae ndani ya gari muda wote, kama spea.

Wenye Land Rover wanahitaji onyo la pekee. Katika magari mengi, breki ya mkono hukamata magurudumu ya nyuma. Katika Land Rover za zamani na za 110 haikamati magurudumu. Inakamata propela shafti ya nyuma, pale inapotoka kwenye gia boksi. Magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa chini, gari limefungwa. Ukinyanyua gurudumu moja tu la nyuma, difu inaliruhusu lile la juu lizunguke kinyume, na lile la chini linakuwa huru kubingirika. Gari lililokuwa limefungwa breki linaanza kuondoka huku likiwa juu ya jeki, na dereva ataapa kwamba alivuta breki. Kweli alivuta. Kwa hiyo kwenye Land Rover kabari ni lazima, mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, kabla jeki haijaguswa. Na kama ni Land Rover iliyobadilishiwa gia boksi, fundi aulize breki ya mkono ilihamishiwa wapi, au kama iliunganishwa tena.

Pasipo na stendi kabisa, matofali ya saruji yasitumike. Tofali hubeba vizuri mpaka sekunde linapopasuka, na halitoi ishara. Matofali ya kuchoma ni mabaya zaidi. Magogo ya mti mgumu yaliyochongwa mraba na kupangwa mawili mawili kwa kupishana, kama watoto wanavyojenga nyumba ya vijiti, yanafaa sana, kwa sababu mbao huanza kulia na kubonyea muda mrefu kabla ya kuvunjika. Seremala wa usharika anaweza kuchonga seti moja kwa siku moja.

Kuna pia shimo la gereji, ambalo baadhi ya wamisioni waliliacha kwenye vituo vyao. Ni zuri kwa kumwaga oili na kukagua. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini ya shimo, hivyo asiingie mtu na kibatari wala kuchomelea humo, na shimo lifunikwe kwa mbao likiwa halitumiki.

Namna ya kupandisha

Gari lishushwe mzigo wote kwanza, pamoja na mapipa na spea iliyolegea. Asibaki mtu ndani, hata mtoto aliyelala. Milango ifungwe. Mikono ya lifti ikishawekwa mahali pake, au jeki ikishagusa chesisi, gari linyanyuliwe mpaka magurudumu yaachane na sakafu kwa kimo cha kiganja tu. Halafu fundi asimame.

Kusimama huko ndiko kunakookoa watu. Fundi azunguke gari lote na kutazama kila pedi imekaaje. Ashike bampa ya mbele alitikise gari kwa nguvu, kisha nyuma, kisha pembeni. Kama litateleza au kuinama, litafanya hivyo likiwa sentimita 15 kutoka ardhini, wakati hakuna mtu chini. Akitilia shaka, alishushe aanze upya. Hakuna aibu katika hilo. Akiridhika ndipo alipandishe, alikalishe kwenye kufuli au kwenye stendi, na alitikise tena kabla ya kuingia.

Kazi yenyewe ikiwa ya kutoa kitu kizito, kama injini, gia boksi au difu, fundi aweke stendi ndefu chini ya upande utakaobaki mzito kabla ya kufungua bolti ya kwanza. Na ile tabia ya kuongeza bomba refu kwenye spana ili kuvunja nati iliyoganda isifanyike gari likiwa juu. Nati zote ngumu zilegezwe magurudumu yakiwa bado chini.

Kamati inahusikaje

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama kwa afya na maisha ya wafanyakazi wake. Usharika unaomlipa fundi ni mwajiri. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015, humlipa aliyeumia kazini ikiwa ni mfanyakazi anayetambulika. Kijana wa mtaani aliyeitwa Jumamosi kwa malipo ya siku hana uhakika huo, na yeye ndiye mara nyingi anayetumwa aingie chini kwa kuwa ni mwembamba. Familia yake itakuja kwa wazee wa usharika, na wazee watachangishana.

Kwa mantiki hiyo, ninapopitia maombi ninatazama mpangilio wa matumizi kabla ya kutazama jumla. Stendi nne, kabari na jeki ya magurudumu vije kwanza. Stendi mbili nzuri hazifiki bei ya tairi moja jipya la Land Cruiser. Kisha sakafu ya zege iliyo sawa, yenye paa. Kisha mafunzo ya fundi mmoja, na chuo cha VETA kipo Songea. Lifti ni ya mwisho, na ni ya gereji inayohudumia magari mengi, si ya usharika wenye gari moja. Wafadhili wetu nao tunawaomba wasione kwamba stendi ni kitu kidogo mno cha kupiga picha. Na rafiki anayetuletea gari lililobadilishwa, liwe la wagonjwa au la kubeba maji, amwombe aliyelijenga achore karatasi moja inayoonyesha lishikwe wapi.

Kwa magari tuliyo nayo tayari, karatasi hiyo tutaichora wenyewe. Kila kamati imwite fundi anayeliamini, achague sehemu nne za kuinulia kwa namna iliyoelezwa hapo juu, azipake rangi ya njano kwenye chesisi, na aandike kwenye kadi ngumu: uzito wa ekseli ya mbele, uzito wa ekseli ya nyuma, umbali kati yake, breki ya mkono inakamata wapi, mwaka ambao injini au bodi ilibadilishwa, na sehemu zilizochomelewa. Kadi moja ibaki kwenye gari pamoja na kadi ya bima, na nakala yake iletwe ofisi ya miradi ili iwekwe kwenye jalada la gari.